Baridi ya Minnesota na Corolla inayolala nje: nianze na nini kabla theluji haijaanguka?

MgeniWaBaridi
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada mapema. Gari ni Toyota Corolla ya 2014, inalala nje. Kuanzia mwezi wa 11 nitakuwa natoka Brooklyn Park kwenda St. Cloud kwa barabara kuu ya I-94, maili kama 60, zamu ya usiku, siku nne kwa wiki. Leseni ninayo, lami kavu naijua, ila kwenye barafu sijawahi kushika usukani. Tairi zimeandikwa M+S ubavuni na muuzaji kasema hizo ndizo za theluji.

Je, tairi hizo zinatosha? Ndani ya boneti niguse nini? Na gari likianza kuteleza, mikono na miguu vifanye nini? Bajeti ni ndogo, kwa hiyo nielezeni kipi hakiwezi kusubiri.

FundiTairi_MN
Karibu ndugu yangu. Kisichosubiri ni tairi. Mengine yote yanakuja nyuma yake.

M+S inaeleza umbo la meno ya tairi tu, kwamba yana nafasi za kutema tope na theluji. Haisemi kitu juu ya mpira wenyewe, na kwenye baridi mpira ndio wenye kazi. Tairi ya kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 45 za Farenhaiti, yaani 7 za Selsiasi, na ikishakakamaa haishiki hata lami kavu vizuri. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo hupewa tairi iliyojaribiwa kwenye theluji ikafaulu. M+S peke yake haijajaribiwa hivyo.

Funga zote nne. Kuna watu hufunga mbili za mbele kwa sababu Corolla inavuta mbele. Matokeo yake mbele inashika, nyuma haishiki, na ukigusa breki kwenye kona nyuma ya gari inakuja kukupita. Ukipata seti iliyokwishafungwa kwenye rimu zake za chuma, nunua hiyo: kila mwaka unabadilisha kwa jeki na spana tu, hulipi gereji kuvua na kuvisha tairi. Zirudishe stoo majira ya kuchipua joto likitulia juu ya 45, maana mpira wake ni laini na lami ya moto huula haraka. Tairi za misumari usihangaike nazo, sheria ya Minnesota hairuhusu kwa gari la kawaida la mkazi.

Kupima meno chukua sarafu ya senti 25. Iingize kwenye mfereji wa tairi, kichwa cha Washington kikiwa chini. Ukiona utosi wake wote, meno yamebaki chini ya milimita 3 hivi. Sheria bado inaweza kukuachia, lakini kwenye theluji hiyo ni kipara. Pima kila tairi sehemu tatu: ndani, katikati na nje.

Halafu upepo. Kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Farenhaiti, tairi hupoteza karibu PSI 1 (kipimo cha upepo wa tairi). Ulijaza siku ya nyuzi 70, asubuhi ukaamka na sifuri, umepungukiwa PSI 7 bila pancha yoyote. Pima gari likiwa limelala saa tatu au zaidi, na ufuate namba ya kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochongwa kwenye tairi yenyewe ni kikomo cha juu cha tairi, usijaze kwa hiyo.

BintiSpana
Nachukua swali la boneti.

Anza na rejeta, hasa kama hujui aliyekuwa na gari kabla yako aliweka nini. Mazoea ya nyumbani ya kuongeza maji ya bomba kila rejeta ikipungua, huku yanaua injini. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na yakiwa ndani ya bloku ya injini hayana pa kutanukia, kwa hiyo yanapasua chuma. Kulanti (maji ya rejeta yasiyoganda kirahisi) ya waridi ya Toyota huja imeshachanganywa nusu kwa nusu na inakukinga hadi nyuzi 31 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani 35 chini ya sifuri za Selsiasi. Kipimo cha kulanti ni kifaa cha bei ndogo chenye mpira wa kufyonza. Fyonza kidogo injini ikiwa baridi, usome kinakuandikia nyuzi ngapi. Na usijaze kulanti tupu isiyochanganywa ukidhani ndiyo kali zaidi: glikoli, kemikali yenyewe ya kulanti, ikiwa peke yake huganda kwenye nyuzi 9 tu za Farenhaiti. Mchanganyiko na maji ndio unaoshusha kiwango cha kuganda.

Betri: baridi inapunguza nguvu yake wakati huohuo inafanya oili iwe nzito, hivyo stata inadai zaidi kwa betri inayotoa kidogo. Betri ya miaka minne ambayo mwezi wa 7 ilikuwa ikipiga stata bila shida inaweza kukuacha asubuhi moja ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Ipime sasa. Ikiwa imepumzika usiku mzima, volti 12.6 ni imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Lakini volti peke yake hazitoshi. Maduka mengi ya vipuri hupima bure kwa mashine inayoilazimisha betri ifanye kazi, na hapo ndipo ugonjwa unaonekana. Ukinunua mpya, angalia namba ya CCA. Ndiyo ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye sifuri ya Farenhaiti. Usichukue iliyo chini ya anayotaka mtengenezaji wa gari. Safisha na vichwa vya betri, ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme.

Oili ya Corolla hiyo ni 0W-20, yaani oili nyepesi. Ibaki hivyohivyo. Mtu akikushauri uweke nzito ili "kulinda injini", usimsikilize kwa jimbo hili. Oili nzito kwenye baridi inachelewa kufika juu ya injini na stata inashindwa kuizungusha.

Maji ya waipa: yamwage ya kiangazi, weka yaliyoandikwa -20 kwenye dumu. Yapo pia ya +32, hayo yataganda kwenye mrija. Yana methanoli, sumu, yaweke mbali na watoto. Kwenye I-94 malori yatakurushia tope la chumvi kila dakika, kwa hiyo beba galoni ya akiba kwenye buti.

Na kwa kuwa gari linalala nje, uliza bei ya hita ya bloku. Inafungwa kwenye injini na waya wake unachomoza mbele ya gari, unachomeka kwenye soketi. Saa tatu au nne kabla ya kuondoka zinatosha, weka taima usichome umeme usiku kucha. Hakikisha waya wa kurefusha ni wa matumizi ya nje.

KakaWaDuluth
Mimi naongeza rahisi: washa gari dakika 20 likiwa limesimama, kioo kikiwa na barafu mwagia maji ya moto, na tairi punguza upepo kidogo zishike vizuri. Mambo yamekwisha.

BintiSpana
Kaka yangu, kwa heshima, yote matatu hapana.

Maji ya moto kwenye kioo chenye baridi kali hukipasua, hasa kikiwa na kadoa kadogo ka jiwe. Na yale ambayo hayakupasua kitu yanaganda tena palepale. Tumia kikwaruzio cha plastiki, au chupa ya kupulizia yenye vipimo viwili vya spiriti ya asilimia 70 na kimoja cha maji. Mchanganyiko huo haugandi upesi kama maji, na barafu inaachia kioo.

Injini ya siku hizi inahitaji nusu dakika hadi dakika moja, kisha inapata joto haraka zaidi ikitembea taratibu. Ukisubiri zaidi, iwe ni kwa ajili ya kusafisha vioo. Na kamwe usiiache inaunguruma ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Upepo wa tairi usipunguze. Hiyo ni mbinu ya kupita mchangani. Kwenye lami yenye barafu, tairi iliyolegea inayumba na meno yake hayachimbi theluji.

MwalimuUsukani
Swali la tatu nalichukua mimi, na naomba ulisome taratibu, MgeniWaBaridi.

Kwanza umbali. Ukiwa maili 30 kwa saa, ukashika breki kwenye lami kavu, gari linasimama ndani ya mita 13 au 14 hivi tangu breki zishike. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni zaidi ya mita 40. Kwenye barafu tupu karibu mita 90, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Mwendo uleule, gari lilelile. Fowili (gari linalovuta kwa magurudumu yote manne) haibadilishi hesabu hii. Fowili inakusaidia kuondoka, kusimama haikusaidii, na ndiyo maana magari mengi unayoyaona mtaroni ni makubwa.

Kwa hiyo achia sekunde 8 hadi 10 mbele yako. Subiri gari la mbele lipite nguzo au kibao, anza kuhesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, hadi wewe ufike. Kwa maili 60 kwa saa gari linakula mita 27 kila sekunde, hivyo sekunde 8 ni zaidi ya mita 200. Wengine watachomekea kwenye nafasi hiyo. Waache, rudi nyuma tena.

Pili, usiogope sana nyuzi 20 chini ya sifuri kuliko nyuzi 30 za Farenhaiti. Karibu na 32, ambayo ni sifuri ya Selsiasi, barafu inakuwa na utando wa maji juu yake, na hiyo ndiyo inayoteleza kuliko zote. Pia ndipo kunakuwa na ile barafu isiyoonekana: lami inaonekana imelowa tu, nyeusi, inang'aa. Dalili zake: magari ya mbele hayarushi maji ingawa barabara inaonekana imelowa, sauti ya tairi inapotea ghafla, usukani unakuwa mwepesi. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu upepo unayapiga juu na chini. Kila unapoona daraja mbele, mguu utoke kwenye mafuta kabla hujalifikia, ukilipita usiguse breki wala usukani bila sababu.

Na chumvi ya barabarani usiitegemee kila siku. Chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti chumvi ya kawaida inachoka kabisa kuyeyusha.

Sasa kuteleza kwenyewe. Mbele ikiteleza, yaani umekata usukani na gari linaendelea kunyooka: toa mguu kwenye mafuta, usiongeze kukata, rudisha usukani kidogo tu hadi usikie tairi zimeshika, ndipo ukate tena polepole. Kosa la kila mtu ni kuzidi kukata. Tairi zikishika ghafla zikiwa zimekatwa kabisa, gari linaruka kwenda huko.

Nyuma ikiteleza, mfano inakwenda kulia: toa mguu kwenye mafuta, usiguse breki, kata usukani kulia vilevile, upande nyuma inakokwenda, macho yako yakitazama pale unapotaka kufika. Si mti, si mtaro. Mikono hufuata macho. Nyuma ikianza kurudi, nyoosha usukani mapema, la sivyo itakwenda upande wa pili kwa nguvu zaidi.

Breki: Corolla yako ina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki. Ikibidi kusimama kwa dharura, kanyaga kwa nguvu usiachie. Pedali itatetemeka na kutoa mlio kama wa kusaga kokoto, ni mfumo unafanya kazi. Kuipampu kama magari ya zamani kunauvuruga. ABS kazi yake ni kukuwezesha kukata usukani huku umeshika breki. Haifupishi umbali, na kwenye theluji laini inaweza hata kuurefusha. Nenda siku ya theluji kwenye uwanja mtupu wa maegesho, kwa ruhusa, ukiwa maili 15 kwa saa, uikanyage mpaka mguu uuzoee mtetemo ule. Mtu anayeusikia mara ya kwanza kwenye I-94 huachia breki kwa hofu.

Kruzi kontro, ile inayoshika mwendo yenyewe, zima kipindi chote cha theluji. Tairi ikipoteza mshiko kompyuta inaweza kuongeza mafuta wakati ambao wewe ungetoa mguu.

FundiTairi_MN
Kuhusu njia yako hasa. Ukishapita Monticello kuna mashamba wazi, na upepo wa kaskazini magharibi unapeperusha theluji chini chini kukatiza barabara hata kama mbingu ni safi. Pale tairi huipasha na kuifanya barafu. Kabla ya kutoka piga 511 au ufungue tovuti yake, inaonyesha hali ya barabara na kamera. Ikiandikwa usafiri haushauriwi, mpigie msimamizi wa zamu mapema.

Ukikuta lori la chungwa la kuzoa theluji, kaa nyuma yake urefu wa magari kumi. Lina bawa pembeni ambalo huenda hulioni ndani ya vumbi la theluji. Barabara iliyo nyuma yake ni bora kuliko iliyo mbele yake, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipita.

Taa: washa za kawaida mwenyewe. Zile zinazojiwasha mchana, kwenye magari mengi haziwashi za nyuma, na anayekufuata kwenye vumbi la theluji hakuoni. Taa kubwa zinarudisha mwanga machoni pako. Na toa theluji yote, paa pia. Ukishika breki ile ya paa inateremka kioo cha mbele kwa mara moja.

MgeniWaBaridi
Mungu awabariki. Nimeandika yote. Mawili bado: nikikwama mtaroni usiku nifanye nini? Na siku nyingine nitambeba mtoto wa miaka mitatu, kiti chake ninacho.

BintiSpana
La mtoto kwanza, wengi hawalijui. Usimfunge mkanda wa kiti akiwa amevaa koti nene. Ajali ikitokea hewa iliyomo ndani ya koti inabanwa yote, mkanda unabaki umelegea na mtoto anachomoka. Jaribu mwenyewe: mfunge na koti, kaza. Mtoe bila kulegeza mkanda, vua koti, mrudishe. Utaona nafasi iliyobaki. Mvalishe sweta jepesi, kaza mpaka usiweze kufinya mkunjo wa mkanda begani, kisha mfunike blanketi au mgeuzie koti kwa mbele mikono iingie kinyume. Wewe pia, mkanda wa kiunoni upite chini ya koti.

MwalimuUsukani
Ukikwama, la kwanza kabisa ni bomba la ekzosi. Shuka kwa tahadhari, ukichunga magari yanayopita, ulifukue theluji yote. Bomba likizibwa, kaboni monoksaidi inarudi chini ya gari na kuingia ndani. Haina harufu wala rangi, unalala na huamki. Halafu washa injini dakika 10 tu kwa kila saa upate joto, fungua dirisha kidogo upande usiopigwa na upepo, na ulikague bomba tena kila unapowasha kama theluji inaendelea. Baki garini. Watu hupotea mita chache kutoka kwenye gari lao. Piga 911, wape namba ya kibao cha maili kilicho karibu. Funga kitambaa chekundu kwenye antena au mlango.

Hiyo ndiyo sababu ya kutoshusha tangi chini ya nusu. Ndani ya gari, siyo kwenye buti ambalo linaweza kuganda lisifunguke, weka blanketi mbili, glavu, kofia, tochi, chaja ya simu, biskuti na maji. Kwenye buti beleshi fupi, nyaya za kubusti (kuwasha gari kwa betri ya gari jingine), na mfuko wa mchanga au wa mchanga wa choo cha paka, ule usioganda ukilowa.

Kama umekwama kidogo tu, nyoosha magurudumu, chimbua mbele na nyuma ya tairi za mbele, mwaga mchanga, zima kitufe cha kudhibiti mtelezo, kisha gusa mafuta kidogo kabisa. Tairi ikizunguka bure acha mara moja. Inayeyusha theluji, maji yanaganda, umejitengenezea bakuli la barafu.

Kubusti: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini iliyokufa, mbali na betri. Kutoa, anza na ya mwisho. Betri ikiwa imevimba au unaona imeganda, usiibusti, inaweza kulipuka. Betri iliyokwisha chaji huganda kwenye nyuzi 20 tu za Farenhaiti.

DerevaMagurudumu18
Na sisi wa malori nipachike moja, wapo wengi humu. Dizeli namba 2, ile ya kawaida, huanza kutoa nta kwenye nyuzi 14 hivi za Farenhaiti, nta inaziba filta na lori linazima barabarani. Ukijaza Texas ukaja juu huku, umebeba dizeli ya joto. Jaza tena njiani kwenye vituo vya kaskazini vyenye mchanganyiko wa baridi, na dawa ya kuzuia nta itie kabla haijaganda, ikishaganda haisaidii. Toa maji kwenye matangi ya upepo wa breki kila siku. Breki ya injini izime kwenye utelezi, inashika tairi za kuvuta tu na trela linakuja kukukunja. Na ukipita I-70 Colorado kati ya Dotsero na Morrison, minyororo ya tairi uwe nayo ndani ya lori kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, hata jua likiwaka.

JiraniWaMinneapolis
MgeniWaBaridi, ukilala kwa ndugu mjini Minneapolis siku jiji limetangaza dharura ya theluji, angalia unapoegesha. Siku ya kwanza kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi usiegeshe upande wowote wa barabara zenye alama ya dharura. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, usiegeshe upande wa namba shufwa kwenye mitaa ya kawaida. Siku ya tatu saa hizohizo upande wa namba witiri. Hizi ni saa za Kiswahili, kwenye tangazo lao saa 3 usiku imeandikwa 9 p.m. Brooklyn Park wana utaratibu wao, usome kwenye tovuti ya mji.

Na ukiegesha nje usiku wa theluji inayolowesha, weka gia kwenye P na usivute hendibreki kama ni tambarare. Kebo yake ikiwa na maji inaganda, na asubuhi magurudumu ya nyuma hayazunguki.